Mwiko Ulipogonga Chini

Sauti ya mwiko ukikwangua chini ya sufuria tupu haifanani na sauti nyingine. Mara ya kwanza kuisikia nikiwa mwenyeji ilikuwa nyumbani kwetu Tabata, saa nne kasorobo usiku, kwenye sherehe ya mahafali ya kijana wetu wa kwanza. Muziki ulikuwa juu na MC alikuwa anawaita mashangazi watoke mbele wacheze, lakini mimi niliyesimama hatua chache kutoka meza ya chakula niliisikia vizuri: kwaru, kwaru. Kwenye foleni walibaki watu kama 40, sahani mikononi. Wa mbele yao alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja, mzee aliyetupa umeme wa kwake kutwa nzima kwa ajili ya majokofu ya kukodi. Akachungulia sufuria, akaniangalia, akairudisha sahani juu ya rundo taratibu kama anayeogopa kuivunja. "Wala usijali, baba," akaniambia. "Mimi nilishakula nyumbani."

Alikuwa hajala. Mkewe alikuwa kwetu tangu asubuhi akimenya viazi, na jiko lao halikuwashwa siku ile.

Kesho yake alfajiri tukaanza kukusanya vyombo. Chini ya viti, nyuma ya maspika, juu ya ukuta, hata kwenye vyungu vya maua vya mke wangu, tulikuta sahani zenye vilima vya pilau vilivyodonolewa pembeni tu, mapaja ya kuku yaliyong'atwa mara moja, ndizi zisizoguswa kabisa. Tulijaza ndoo moja ya lita 20 na nyingine mpaka nusu. Shemeji yangu anayefuga kuku Kinyerezi ndiye peke yake aliyefurahi. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikapiga hesabu, na hesabu ikanikasirisha kuliko aibu ya usiku. Tulikuwa tumepika pilau ya kilo 20 za mchele, na waliokuja walikuwa watu 130 hivi. Chakula hakikuwa kidogo. Kilikuwepo, kikatupwa, na mzee wa watu akalala na njaa.

Tangu siku ile, nikiwekwa kwenye kamati ya mahafali na mtu akauliza swali la siku zote, "Mchele kilo ngapi?", mimi huwa mkorofi. Nauliza: tunakula saa ngapi, na nani atashika upawa? Wajumbe hutazamana. Mweka hazina huwa ameshafungua daftari na anataka tarakimu, mimi namletea mambo ya saa na vijiko. Basi leo najitetea.

Tuanze na wageni, maana hapo ndipo uongo wa kwanza unapokaa. Kamati huhesabu kadi. Kadi 100, za singo 60 na za dabo 40, kwa hiyo watu 140, tumemaliza, tuendelee na ajenda ya mapambo. Lakini kadi si tumbo. Ukianzia mahafali ya darasa la saba, ukapita ya kidato cha nne, mpaka vyuo vikuu vinapoanza kumwaga wahitimu wao kuelekea mwisho wa mwaka, mtu mzima wa Dar es Salaam mwenye ndugu wa kawaida anaweza kuwa na kadi tatu za Jumamosi moja. Atakuja kwako saa tatu usiku akiwa ameshakula Mbezi, atakunywa soda, atapiga picha na joho, ataondoka kwenda Mbagala. Mwingine hatakuja kabisa, kwa sababu mvua za vuli zimekata barabara ya kwao. Kwenye sherehe zangu mbili, ile ya kijana na ya pili ya binti yetu, waliofika kati ya wenye kadi walikuwa kama robo tatu. Sisemi ndiyo kanuni ya nchi; ni ya ukoo wangu, na kila ukoo una yake. Anayeijua ya kwenu ni yule shangazi anayeweka daftari za michango. Muulize yeye, achana na mwenyekiti.

Halafu wapo wasio na kadi, na hao hawakosi kufika. Vijana wawili waliofunga turubai, ambao walisema wataondoka na wameketi. Wa muziki watatu. Mpiga picha na msaidizi wake. MC, ambaye kwa uzoefu wangu hula kama watu wawili. Madereva walioleta msafara kutoka chuoni. Wapishi na wanaoosha vyombo. Marafiki wa mhitimu, ambaye kadi alizopewa ni tano na ameita kumi na watano kwa simu. Bibi aliyetoka mkoani na wajukuu wanne, ambaye hakuna kadi duniani inayoweza kumzuia. Na mtaa. Ukifunga turubai mpaka barabarani ukawasha muziki tangu saa nane mchana, mtaa umeshaalikwa, uandike usiandike. Kwenye sherehe ya binti yetu niliwahesabu wasio na kadi kwa majina, mmoja mmoja, usiku na kalamu, nikapata 43. Watu wa namna hii ndio wale 40 wa ile foleni. Katika sherehe ya kwanza hawakuwemo kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Desturi hii ya kulisha kila anayepita ina mizizi, sitaki niibeze. Chuo kikuu chetu cha kwanza kilipoanza mwaka 1961, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, wanafunzi walikuwa wachache, wote wa sheria, wakisomea kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Miaka ile mtu akirudi kijijini na shahada, kijiji kizima kilikuwa na haki ya kula, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kimeuza kitu ili asome. Leo kwenye mtaa wetu nyumba tatu zina wahitimu Jumamosi hiyo hiyo, pamoja na mmoja wa chekechea aliyevalishwa joho linaloburuza chini, na kila nyumba inapika kana kwamba msomi ni wake peke yake wilaya nzima. (Wa chekechea nilimpa hongera kama wengine. Alishavuliwa viatu na kulala saa mbili.)

Sasa kilo. Kwa sherehe ya binti nilimtafuta mpishi mwingine, mama mmoja wa Magomeni anayepikia shughuli tangu mimi sijaoa. Nilimwendea na karatasi yangu: kuku, nyama, mchele, ndizi, safu nne za tarakimu. Hakuisoma. Aliniuliza, "Mnakula saa ngapi, mwanangu? Nani anagawa? Mezani kuna nini kingine?" Idadi ya watu aliuliza swali la nne, na nilipomjibu akasema, "Hao ni wa kwenye kadi. Wa kweli wangapi?" Kwa hiyo ule ukorofi wangu wa kwenye kamati ni wa kuazima.

Kanuni yake ni hii. Kilo moja ya mchele, pilau ikiwa peke yake, ni watu watano. Ikiwa pembeni kuna ndizi, chapati, viazi au chochote cha kushibisha, ni watu saba, na wakila mapema wanaweza kufika wanane. Sikumwamini, nikaenda kupima nyumbani kwa mizani ya kuazima dukani. Kilo moja ya mchele mkavu ilinipa kilo mbili na nusu hivi za wali ulioiva. Gawa kwa saba: kila mtu gramu 350. Ni sahani ya mtu mzima ya kushiba, ila haina kilima. Ndipo nikarudi kwenye ile sherehe ya kwanza. Kilo 20 zilitoa karibu kilo 50 za pilau, na waliopata kula walikuwa 90. Kila mmoja alijipakulia zaidi ya nusu kilo ya pilau, kabla hujaweka nyama, ndizi na kachumbari juu yake. Hakuna tumbo la suti linalomaliza chakula hicho.

Mchele wenyewe nao una tabia. Uliokaa ghalani hunywa maji na kuvimba. Uliotoka shambani juzi hunata na haujazi sufuria. Ukienda Tandale kununua, usiulize tu kama ni wa Kyela au wa Magugu, uliza ni wa msimu gani, kisha omba kilo moja ukajaribu nyumbani kabla hujabeba kiroba. Wapishi wa kujitolea, yaani mawifi na mashemeji, huharibu hapa kwa jambo dogo sana: maji. Nyumbani unapika kilo moja kwa vikombe vyako viwili vya maji kwa kimoja cha mchele, basi kwenye sufuria ya kilo 10 wanazidisha mara kumi. Mdomo wa sufuria kubwa hauwi mpana mara kumi, kwa hiyo mvuke unaopotea kwa kila kilo ni mdogo, na maji yanabaki ndani. Unapata bokoboko lenye bizari. Mama wa Magomeni hapimi kwa kikombe. Anaweka mchele kwenye supu iliyokolea, anaangalia maji yamepanda juu ya mchele kiasi gani, anafunika, anapunguza moto wa chini na kupalia makaa juu ya mfuniko. Nilijaribu kumuuliza ni sentimita ngapi. Alicheka.

Nyama nitapita haraka. Ya kwenye pilau yeye huweka nusu ya mchele, kilo moja ya nyama kwa kilo mbili za mchele, na akiona unataka sifa anakwambia kilo kwa kilo. Ukinunua ya mifupa Vingunguti, kumbuka mfupa unaulipia lakini haulishi mtu, na nyama yenyewe hunywea jikoni ikapoteza robo na zaidi. Ndizi za Mabibo ndiyo mtego mkubwa: mkungu unauona mkubwa kama mtoto wa miaka sita, lakini karibu nusu ya uzito wake ni maganda na kikonyo. Kachumbari iungwe mwishoni, chumvi ikikaa nayo saa mbili inageuka supu. Tikiti maji, usimsikilize anayetaka kulichonga ua.

Kuku ndiye anayevunja undugu. Kuku mmoja hutoa vipande vinane. Kuku 20 ni vipande 160, kimoja kimoja kwa watu 150 na wewe mwenyeji ukabaki na shingo za kuficha. Kila mgeni akichukua viwili, na kwenye meza ya kujisevia kila mgeni huchukua viwili, unahitaji kuku 40. Tofauti ya kuku 20, ambayo kwa bei ya leo ni fedha ya kulipa turubai, haitokani na njaa ya watu wala idadi yao. Inatokana na mkono ulioshika koleo.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Chakula cha sherehe hakiishii jikoni, kinaishia mezani, na kinachokimaliza ni mambo mawili tusiyoyapangia bajeti: anayepakua, na saa ya kupakua.

Tuchukue anayepakua. Bafe tumeiazima hotelini bila kuazima wahudumu wake. Hotelini mtu anajua atarudi mara tatu, sahani ni ndogo, nyuma ya meza kuna mtu anayejaza. Nyumbani tunaweka sahani pana kama ungo, tunawaachia watu foleni, na kila aliye kwenye foleni amekulia Tanzania hii hii: anajua chakula huwa kinaisha. Kwa hiyo anajihami. Kile kilima cha pilau tulichokikuta kwenye chungu cha maua hakikuwa uroho. Mtu aliogopa hapati nafasi ya pili, akachukua za kwanza na za pili kwa mara moja, na tumbo likamkatalia njiani. Ukimwona mwenzako mwenye elimu na cheo anajaza sahani namna hiyo, usimcheke. Anaiogopa sauti ya mwiko.

Pwani walishalimaliza jambo hili zamani kwa sinia. Kwenye shughuli ya Unguja hawahesabu vichwa, wanahesabu masinia, na kila sinia wanakaa wanne au watano. Wali umepakuliwa kabla, nyama imewekwa katikati, na hakuna awezaye kuvuta mapande matatu upande wake huku macho ya wenzake yakimtazama. Ukijua una masinia 30 unajua chakula chako mpaka punje. Sisi wa bara tuliohamia mjini tumeliona sinia ni ushamba, tukaleta meza ndefu yenye kitambaa cha dhahabu, kisha tunashangaa hesabu hazikai.

Sikuthubutu kuweka masinia kwenye mahafali ya binti, marafiki zake wa chuo wangenikimbia. Nilichofanya ni kuweka wagawaji wanne nyuma ya meza, na kuwachagua kwa ukali kuliko nilivyomchagua MC. Hakuwekwa kijana hata mmoja, maana hujaza sahani za wasichana. Hakuwekwa dada wa mhitimu. Hakuwekwa wifi yangu, mwanamke mkarimu kupita kiasi ambaye ukimpa upawa anagawa kana kwamba kesho ni kiama. Walikuwa wasaidizi wa yule mpishi, watu wasiomjua mgeni yeyote kwa jina. Upawa mmoja na nusu wa pilau, kipande kimoja cha kuku kwa koleo, ndizi kijiko kimoja, na sentensi moja ambayo waliagizwa kumwambia kila mtu akiangaliwa usoni: "Karibu urudi." Walirudi wachache mno. Mtu akishaambiwa kwa upole kwamba kipo, hamu ya kuhodhi inamtoka.

Kuna waliolalamika, tena ndugu wa damu. Baba mdogo alisema kupakuliwa ni mambo ya shule ya bweni. Nilimpakulia mimi mwenyewe, vipande viwili, akanyamaza. Sheria ya mezani ina mlango mmoja wa nyuma na huo ni wa wazee.

Wapo pia watakaosema haya yote ni kujitesa, kodi kampuni ya chakula ulipe kwa kichwa. Dada yangu alifanya hivyo kwa mwanawe. Alilipia sahani 120, zikaletwa hotipoti nzuri zinazong'aa, na chakula kikaisha kwenye sahani ya 87. Tulijua ni ya 87 kwa sababu sahani zilikuwa za kukodi kwetu na tulizihesabu. Wenye kampuni walisema wageni wetu wanakula sana. Tangu hapo nina desturi: sahani nakodi mimi, idadi ninayoijua, na anayekuja kupika anajua kwamba ninazihesabu.

Sasa saa. Kadi zetu za kwanza ziliandikwa saa kumi na mbili jioni. Wageni, wakiijua nchi yao, walifika kati ya saa moja na saa mbili. Chakula kilifunguliwa saa tatu na robo. Katikati kulikuwa na maombi, utambulisho wa upande wa baba, utambulisho wa upande wa mama, risala, mgeni wa heshima, jibu la risala, zawadi kwa foleni na muziki, keki, na historia ya maisha ya mhitimu tangu alipoota meno. Mtu aliyekula mchana saa saba anakuja mezani akiwa na njaa ya saa nane. Hapo hata upawa wa mpishi wangu ungeshindwa.

Kwa nini tunafanya hivi? Kila mjumbe wa kamati anajua jibu, ila hasemi mbele ya watu: wakishakula wataondoka. Chakula tumekiweka rehani. Kaa usikilize risala zetu, toa zawadi yako, piga makofi, ndipo tukupe sahani. MC wangu wa pili nilipomwambia watu watakula saa moja na nusu, kabla ya hotuba, aliniangalia kama nimemwambia afanye kazi bila maikrofoni. "Mzee, utabaki na viti," alinionya. Tulikubaliana nusu njia: sambusa na karanga mlangoni kwa kila anayefika, chakula saa mbili kamili, hotuba baada ya hapo na zisizidi tatu. Ni kweli, wapo walioondoka baada ya kula, pengine 20. Walikuwa wale wenye kadi ya Mbagala, wangeondoka tu. Waliobaki walisikiliza risala wakiwa wameshiba, na kwa mara ya kwanza nilimwona mgeni wa heshima anatazamwa yeye, si meza ya chakula iliyo nyuma yake.

Saa ina jambo jingine, na hili si la mzaha. Pilau ya sherehe huiva saa kumi jioni. Ikifunuliwa saa nne usiku, imekaa saa sita. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, na kinachosubiri kuliwa kiwekwe moto, zaidi ya nyuzi 60. Wali ndio wa kuogopa zaidi, kwa sababu kuna bakteria, Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukipoa taratibu kwenye sufuria nene zinaamka na kutoa sumu, na kupasha moto upya hakuiondoi sumu hiyo. Ule ugonjwa wa tumbo wa Jumapili tunaousingizia mayonezi mara nyingine ni huyu. Makaa juu ya mfuniko yana kazi zaidi ya kukausha pilau. Yakizimika, saa zimeanza kuhesabika.

Jambo la mwisho alilonifundisha mama wa Magomeni ndilo lililoniokolea fedha. Nilipomwambia naogopa chakula kisipungue, kwa hiyo tuongeze kilo tano, alisema sawa, ongeza, lakini usinipe nipike. "Akiba iwe mbichi," alisema. Mchele mkavu ukibaki ni mchele, utaula mwezi mzima. Pilau ikibaki ni taka yenye mafuta. Alitenga kilo 6 kati ya 22, supu yake ikachujwa ikawekwa pembeni, vitunguu vikakaangwa kabisa. Sufuria ya kwanza ikifika nusu, anainjika ya pili. Baada ya dakika 40 iko mezani na moto wake. Vinywaji hivyo hivyo. Kreti ina chupa 24, watu 150 kwa chupa mbili mbili ni kreti 13, lakini nilikubaliana na mwenye duka kabla, kwa maandishi, kwamba ambazo hazijafunguliwa anazipokea. Tulifungua tisa. Hofu yako ya mwenyeji, ambayo haiponi kwa mahesabu, ihamishie kwenye vitu vinavyorudi dukani.

Mwaka 2024 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilitoa makadirio kwamba dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula mwaka 2022, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Wengine wakisoma tarakimu kama hiyo wanaona majalala ya Ulaya. Mimi naiona ndoo ya lita 20 na nyingine mpaka nusu.

Sherehe ya binti ilipoisha tulihesabu sahani zilizotumika: 138. Kati ya zile kilo 6 za akiba, mpishi alikuwa amepika nne saa mbili na nusu, akaacha mbili kwenye kiroba. Yule mzee jirani alipakuliwa wa tatu, baada ya bibi na baba mdogo, na alirudi mara ya pili bila aibu yoyote. Kwenye sufuria ulibaki ukoko, na ukoko una wenyewe, watoto walishauzunguka na vijiko.

Kumbe kuna mtu nilimsahau. Shangazi, dada wa marehemu baba, alikuja jikoni kuniaga, mkoba mkubwa begani. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2019, kufungasha kumekuwa kwa kujiandaa: alifungua mkoba, akatoa hotipoti yake ya bluu, ile ya maua, akaiweka juu ya meza na kuifungua mfuniko. Alichungulia sufuria ya kwanza. Akachungulia ya pili.

"Mwanangu," akasema, "mbona safari hii mlipika kidogo?"

Niliangalia huku na huku. Nikachukua kile kiroba chenye kilo mbili za mchele, nikammiminia humo humo kwenye hotipoti, mkavu, nikafunika. Shangazi aliutikisa kidogo kando ya sikio, akausikiliza, akaniuliza kama na vitunguu vipo.